Mkutano Uliokaa Chini

Weye unayesoma, usijifanye hujui. Ulikuwa mle ndani. Pengine si katika nyumba ile ya mtaa wa Bigo, lakini ulikuwa katika nyumba kama ile, umekaa kwenye kiti cha plastiki, mmoja anasema na wengine wanatikisa vichwa, na jambo lililowakusanya limelala katikati yenu kama maiti isiyo na ndugu. Uliliona. Halafu ukageuza macho dirishani, ukatazama mabati ya jirani, ukasema moyoni: si zamu yangu. Katika mji huu wa Bunia watu wamekaa mikutano tangu vita vya zamani. Mikutano ya amani, mikutano ya kutayarisha mikutano ya amani, mikutano ya kuulizana kwa nini ile iliyopita haikuzaa. Na kila mara kwenye kona alikuwako mtu aliyejua, na hakupewa neno. Watu hao hakuna anayekumbuka majina yao. Basi huyu mmoja atatajwa, upende usipende.

Jina lake Bibiane. Alisomea kompyuta Kisangani, akarudi Bunia, akapata kazi kwenye huduma ya Sauti ya Njia.

Kazi yenyewe ni rahisi kuielewa. Kando ya kila barabara inayotoka mjini, ile ya Mambasa, ile ya Mahagi, na zile ndogo zinazopanda vilimani, kulikuwa na watu wa kuaminika: muuza esansi, petroli ya chupa, katekista, fundi wa matairi. Wakiona njia ni nzuri, walituma neno. Wakiona mbaya, walituma neno. Mashini iliyokuwa Bigo ilipokea, na yenyewe ikatuma mesaji kwenye simu za mamotari wanaobeba watu kwa pikipiki, za mama wa soko na za madereva wa malori: Njia wazi. Au: Njia imefungwa. Mtu aliisoma kabla ya kuwasha pikipiki. Bibiane ndiye aliyeitengeneza mashini hiyo na ndiye aliyeilinda.

Watu hawakuiamini siku moja. Timu ilizunguka parkingi zote za pikipiki na kipaza sauti, wakirudia wimbo ule ule: usisikie uvumi, usisikie simu ya shemeji, sikia mesaji. Mamotari walicheka, kisha wakasikia. Hapo ndipo ubaya ulipojificha, lakini wakati ule nani angejua.

Timu ilikuwa ya watu watano. Mkubwa wao Chef Alexis, mzee wa mvi na suti, mtu mwema, lisemwe hilo wazi, maana mabaya mengi ya mji huu yamefanywa na watu wema waliokaa. Jeannine aliandika mesaji katika lugha zote za njia. Kambale alipokea simu za watu wa vijijini na kuwapigia ili kuhakikisha. Na Gauthier, aliyerudi kutoka formation, mafunzo ya kazi, na daftari jipya na njia mpya ya kufanya kazi.

Njia ya Gauthier ilikuwa nzuri. Timu ndogo, kazi inakatwa vipande vidogo, na kila asubuhi watu wanakutana wamesimama, dakika kumi na tano basi. Kila mmoja anajibu maswali matatu: jana nilifanya nini, leo nitafanya nini, na kitu gani kinanizuia. "Kusimama kuna sababu," alisema. "Miguu ikichoka, mudomo inafunga."

Siku za kwanza walisimama uani, chai mkononi, wakamaliza kabla chai haijapoa. Halafu asubuhi moja Chef Alexis aliegemea ukuta akashika goti. Jeannine, aliyelelewa vizuri, akakimbia ndani kumletea kiti. Nani angemlaumu? Chef akakaa. Sasa tazama: mkubwa amekaa, wadogo wamesimama juu ya kichwa chake kama askari juu ya mfungwa. Haifai. Kambale akatafuta kiti. Gauthier akatafuta kiti. Kesho yake viti vilikuwa vimepangwa tayari, na kwa sababu kulikuwa na viti, wakaingia ndani penye kivuli. Na watu wakishakaa ndani wataanzaje bila sala? Baada ya sala, mkubwa atakosaje neno la ufunguzi? Baada ya neno, lazima mtu ashukuru neno. Hivyo hivyo, kwa heshima, bila mtu kutaka ubaya, mkutano wa kusimama ulikaa chini, na ukishakaa hakuna aliyejua jinsi ya kuuinua. Asubuhi nzima ililiwa.

Gauthier alijaribu kuuponya. Aliona watu wanachezea simu, akaleta kikapu: kila simu ndani, hakuna kugusa mpaka mwisho. Mkutano haukufupika. Ulinyamaza tu.

Na lile swali la tatu, la kizuizi, lilikufa. Kusema umezuiwa ni kusema kuna aliyekuzuia, na aliyekuzuia amekaa hapo anakutazama. Basi kila mmoja alijibu sawa, kama kuitikia misa: hakuna kizuizi, Chef.

Kulikuwa na jambo jingine. Kabla ya masika Kambale alipokea simu, akasikia milio, akatuma upesi: Njia imefungwa. Ilikuwa siku ya soko kubwa. Milio ile ilikuwa mbao zinashushwa kwenye lori. Mama wa soko walibaki na nyanya zao mpaka zikaoza, wakazibeba wakaja Bigo na kuzimwaga mbele ya geti, na jua likazipika pale. Mkutano wa kumkemea Kambale uliendelea mpaka watu wakasikia njaa, na ukatoa sheria: mesaji ya kufunga njia haitatoka tena mpaka ipite kwenye mkutano wa asubuhi, wote wakubali, na Chef aweke neno lake la siri kwenye mashini. "Penye wengi hapaharibiki neno," alisema Chef. Toka siku ile Kambale alikuwa mtu wa kuangalia meza.

Sasa, asubuhi yenyewe.

Bibiane alifika mbele ya wengine, akafungua mashini, akakuta mstari wa njano. Umetoka kwa Chance, msichana anayeuza esansi kwenye kona ya Drozu, juu ya barabara ya kaskazini. *Risasi Drozu. Watu wanakimbia.* Pembeni yake mashini ilikuwa imeandika kama ilivyofundishwa: inangoja mkutano. Na juu ya mstari huo, mesaji ya kijani, ile ambayo simu zote za mji zilikuwa nayo tangu jana jioni: Njia wazi.

Mdogo wake Fiston, aliyemwita Yaya kama dada mkubwa, alikuwa motari wa njia ile.

Akampigia. Simu ilipokelewa katikati ya kelele za injini, wachuuzi na muziki wa parkingi.

"Yaya, umeamuka na roho mubaya? Asubuhi yote hii?"

"Fiston, uko wapi?"

"Parkingi. Niko napakia. Kuna mama na mutoto wake, mutoto iko mugonjwa, wanarudi kwao."

"Usiende. Drozu haiko nzuri. Kuna risasi."

Alimsikia akimgeukia mtu: "Yaya anasema Drozu iko mubaya." Na sauti nyingine, ya kicheko, aliijua: Blanchard, rafiki wa Fiston tangu shule ya msingi, aliyekula sombe nyumbani kwao mpaka mama yao akamwita mtoto wa sufuria. "Mwambie yaya atume mesaji, asitume roho juu!"

"Umesikia?" Fiston akasema. "Mesaji yenu inasema wazi. Nimeisoma sasa hivi."

"Ile ni ya jana. Ya leo inangoja."

"Inangoja nini?"

Utamwambiaje mtu aliyeshika usukani kwamba inangoja sala na neno la ufunguzi?

"Yaya, siye tulisimama hapa mukatupigia kipaza sauti. Musisikie simu ya shemeji, sikieni mesaji. Leo niambie mama huyu ashuke kwa sababu dada yangu ameota? Atapanda kwa mwingine, na mutoto anawaka moto. Tumeni mesaji, mi narudi. Mara moja."

"Fiston—"

"Itume tu. Nitaiona." Akakata.

Kutoka parkingi mpaka kilima cha mwisho chenye rezo ya simu hakuna safari ndefu. Baada ya kilima hicho barabara inashuka bondeni kuelekea Drozu, na simu inakuwa kipande cha chuma tu. Bibiane alijua hivyo. Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi kama mchana: mesaji itoke kabla Fiston hajapita kilima; ikichelewa, ni sawa na kutotoka kabisa.

Kambale akaingia, simu sikioni, uso umepauka kama mtu wa homa. Akaishusha polepole.

"Ni Chance?" Bibiane akauliza.

Kambale akaitia simu kikapuni bila kumtazama. "Tungoje réunion ya asubuhi."

"Amekuambia nini?"

"Bibi, tungoje réunion. Mi nilishatuma mara moja bila kungoja. Unazikumbuka zile nyanya? Mi nazikumbuka. Mtaani bado wananiita Nyanya."

Chef Alexis alikuwa amekwisha kuingia na kukaa. Bibiane akamwendea. "Chef, kuna alama ya hatari ya Drozu. Tuipitishe sasa, mbele ya yote. Neno lako la siri tu."

"Bonjour kwanza, mama," Chef akasema kwa upole.

"Bonjour, Chef. Drozu—"

"Itakuja kwenye ordre, kwa zamu yake. Ndiyo maana tuko hapa. Haraka haraka haina baraka. Weka simu."

Akaiweka. Usimcheke. Wewe pia ungeiweka.

Jeannine akasimama kwa sala. Aliomba vizuri, Jeannine, na sauti ya kuimba ndani yake. Aliombea nchi, akaombea waliokimbia vijiji vyao na kulala chini ya maturubai, akaombea wagonjwa wa hospitali. Halafu, Mungu ni shahidi, akaombea wasafiri. Akazitaja njia moja moja: wanaokwenda Mambasa, Baba, wanaokwenda Mahagi, Baba, wafunike kwa mkono wako. Na mashini ilikuwa hapo nyuma ya mgongo wake, imebeba jibu la sala hiyo, inangoja watu waseme amina.

"Amina," wote wakasema. Bibiane alisema kwa nguvu zaidi, ili iwe ya mwisho. Jeannine akaendelea na viongozi.

Neno la ufunguzi. Chef alizungumzia umoja. Gauthier akashukuru neno. Kisha akafungua daftari: "Tunaanza tour de table, mmoja mmoja. Chef, jana, leo, kizuizi?"

Chef alieleza barua aliyoandika jana, na aliyeipokea, na jinsi alivyopokelewa. Leo ataandika nyingine. Hakuna kizuizi.

"Parole," Bibiane akaomba neno, mkono juu.

"Itakufikia," Gauthier akamjibu. "Weye uko wa mwisho. Tusivunje mpango, tulikubaliana mukutano ukae kwa mpango ili uwe mufupi."

"Gauthier, ni jambo la njia."

"Yote hapa ni ya njia, Bibi."

Wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Mwanga wa dirishani ulikuwa umeshuka ukutani ukaingia sakafuni. Bibiane alimwona Fiston kichwani, anapita soko la mwisho, anapita kanisa la matofali, mama yule nyuma yake, mtoto katikati yao kama kifurushi. Anapanda. Kila neno lililosemwa mle ndani lilikuwa mzunguko wa gurudumu.

Zamu ya Gauthier. Jana alishughulikia fulana. Timu itavaa fulana siku ya wageni, na kuna swali la rangi. Kijani ni kama mesaji ya njia wazi, inapendeza. Lakini Jeannine aliona kijani itachafuka na vumbi. Vumbi letu ni jekundu, basi nyekundu? Chef akasema hapana, nyekundu ni rangi ya kufunga, mgeni ataogopa. Wakalitafuna. Walilitafuna kwa raha, jinsi watu wanavyotafuna jambo lisilo na mfupa, kwa sababu lile lenye mfupa linaweza kumkaba mtu.

Bibiane akamtazama Kambale. Kambale alikuwa anakwangua meza kwa ukucha. Akamnong'oneza: "Ulisikia kwa masikio yako?"

Ukucha ukasimama.

"Kambale. Fiston iko njiani."

Akafumba macho. "Mungu wangu. Kwa nini hukusema?"

"Nisemee wapi?"

"Hapo nyuma," Chef akasema, "tusifanye mikutano miwili. Heshima."

Ndipo Bibiane akasimama. Hakuinua mkono. Alisimama tu, kiti kikakwaruza saruji, na ghafla alikuwa mrefu juu ya vichwa vyote, juu ya mvi za Chef, pale ambapo hakuna mtu wa timu ile aliyesimama, ila kwa sala, tangu goti la Chef lilipouma.

"Chef, mi najibu swali la tatu."

"Kaa, mama. Zamu yako—"

"Kizuizi changu ni mukutano huu."

Jeannine akashika mdomo. Gauthier akaacha kalamu hewani. Chef Alexis aliinua uso taratibu, na kwa kuwa alikuwa amekaa, ilimbidi amtazame kutoka chini, na hilo lilimuuma kuliko maneno.

"Weye mutoto wa juzi," akasema. "Mi nimekaa mikutano na watu wa bunduki, nikawasikiliza mpaka wakachoka. Hakuna aliyesimama juu yangu hivi."

"Na wao walichoka, Chef? Au walikwenda wakarudi?" Akaonyesha mashini kwa kidole. "Alama ya Drozu imelala hapa tangu kabla hatujaomba. Tumeomba juu yake. Tumepanga fulana juu yake. Watu wako njiani na mesaji ya jana, na siye ndio tuliwaambia wasisikie mtu mwingine."

"Hatujui kama ni kweli. Unataka nyanya tena getini?"

"Muulize Kambale."

Wote wakamgeukia Kambale. Hakuna kitu kizito kama macho ya watu wanne juu ya mtu aliyekwisha aibishwa mara moja. Kwa kitambo Bibiane aliamini hatasema, na tayari alikuwa anapima umbali mpaka kikapu, mpaka mlango, mpaka kwa motari yeyote wa kumkimbiza kaskazini, ingawa alijua hamfikii.

"Chance alipiga," Kambale akasema, akiongea na meza. "Nilisikia kwenye simu. Safari hii haikuwa mbao. Alikuwa amejificha chini ya kibanda chake, analia. Nilimwambia... nilimwambia atungoje, tuko tunaanza réunion."

Chef Alexis akainuka bila kushika goti. Akaenda kwenye mashini, akaandika neno lake la siri, mashini ikalikataa. Akaandika tena. Ikalikataa. "Ni jina la mama yangu," akasema kwa sauti ya mtoto aliyepotea. "Ni jina la mama yangu tu, kwa nini linakataa?"

"Polepole, papa," Jeannine akamshika bega. "Herufi moja moja."

Ikakubali. Mstari wa njano ukawa mwekundu. Na kwenye kikapu simu zote tano zikaanza kutetemeka pamoja, zikigongana kama panya waliotiwa moto, maana wao pia walikuwa kwenye orodha.

Bibiane akachukua yake, akampigia Fiston. Sauti ya mwanamke wa kampuni ya simu ikamjibu kwa Kifaransa kizuri kwamba mtu huyo hapatikani. Akapiga tena. Mwanamke hakuchoka.

Mashini ilionyesha simu zinazopokea, moja baada ya nyingine, mji mzima. Ya Fiston haikuwamo.

Akatoka. Hakuomba ruhusa. Alipata pikipiki barabarani, akaenda parkingi ya kaskazini, akasimama pale kwenye vumbi. Malori yalikuwa yameanza kusimama kando, madereva wanasoma simu, wanapiga miluzi kuwaonya wenzao. Mamotari waliokuwa njiani wakaanza kurudi wawili wawili, taa zimewaka mchana. Aliwauliza kila mmoja. Huyu hakumwona. Huyu alimwona mbele. Huyu alisema Fiston anakwenda polepole leo, kwa ajili ya mtoto.

Kwa ajili ya mtoto. Jua lilikuwa limepita utosini Fiston aliporudi. Alikuja anasukuma upepo, fulana imejaa vumbi, mama nyuma yake ameinamia kifurushi chake. Mesaji ilimfikia juu ya kilima chenyewe, pale aliposimama ili mama amnyweshe mtoto maji. Mama alikuwa amekwisha kufunga chupa, wamekwisha kupanda pikipiki. Rezo, iliyokuwa imekatika njia nzima, ikarudi kidogo, simu ikalia mfukoni.

Bibiane alimkamata kwa shingo ya fulana kama anataka kumpiga, akamshika hivyo hivyo muda mrefu. Fiston hakucheka. Hakufanya mzaha wake hata mmoja.

"Yaya," akasema, "Blanchard alikuwa na abiria mwenye nguvu. Alinipita pale kanisani. Alinipigia honi, akanipungia mkono. Mi nilipofika kilimani yeye alikuwa ameshuka zamani."

"Labda amepita salama."

"Labda." Akatazama kaskazini. "Ulinipigia nikiwa hapa. Tulikuwa hapa wote, Yaya. Yeye alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake, palee. Mesaji ingetoka wakati ule, tungekuwa tunacheza karata."

Jioni ilikuja bila Blanchard. Kesho ilikuja bila yeye. Siku iliyofuata pikipiki yake ilionekana, na waliokwenda kuichukua waliporudi hawakuzungumza, wakaenda moja kwa moja nyumbani kwa mama yake, na mtaa ukajua kwa sababu ya vile walivyotembea. Abiria wake, hakuna aliyelijua hata jina lake.

Baada ya mazishi timu ilikutana Bigo. Bibiane alifika akitegemea kufukuzwa, na alikuwa amejiandaa. Aliwakuta uani. Viti vilikuwa ndani, hakuna aliyevitoa. Chef Alexis alikuwa amesimama, mkono umeshika nguzo, suti ile ile, uso wa mtu aliyezeeka ghafla.

"Wapendwa," akaanza, "kabla ya yote, nataka tuseme maneno machache juu ya kijana wetu, maana kifo chake kinatufundisha umoja—"

"Chef," Bibiane akasema. "Njia ya Mambasa kwanza. Kambale ana simu ya huko."

Chef alifungua mdomo. Ilionekana wazi jinsi neno lile, refu, zuri, lililotayarishwa usiku, lilivyomkwama kooni. Akalimeza.

"Kambale," akasema. "Nini kinazuia?"

Kambale alisema. Ilikuwa daraja limelegea, mtu mmoja amelithibitisha, wa pili bado. Jeannine alikuwa ameshaandika mesaji kabla hajamaliza. Wakaamua palepale kwamba alama yenye sauti mbili, yaani watu wawili, itatoka yenyewe, usiku au mchana, bila kungoja mtu, na kama ni mbao, basi wataipokea aibu ya mbao na watazifagia nyanya wenyewe. Gauthier aliuliza kama aandike sheria hiyo ijadiliwe wiki ijayo. Akajisikia mwenyewe, akafunga daftari. Bibiane hakujibu kwamba hakuna kizuizi. Alisema mashini inahitaji betri mpya. Walimaliza chai bado ina moshi. Hakuna aliyefurahi. Mama wa Blanchard hatanufaika kwa ufupi wa mkutano huo.

Basi usimlilie Blanchard. Machozi yako hayana njia ya kwenda. Weye una mkutano wako: wa kazi, wa kanisa, wa mtaa, wa wakimbizi, wa wazazi wa shule. Ndani yake kuna mtu aliyewekwa mwisho, na unajua ni nani, unaweza hata kusema ameketi wapi. Usingoje uchaguzi wa katibu mpya. Usingoje Chef astaafu. Usiseme utalileta kwenye ordre du jour ya mkutano ujao. Mwite sasa, kabla ya sala, kabla ya neno la ufunguzi, mbele ya mvi za mkubwa na hasira yake, umuulize nini kinazuia, na akishasema, inukeni mkafanye. Kama mtu huyo ni weye, funga hiki unachosoma. Sema. Wako watu barabarani saa hii.